Fundi wa sauti Luthuli: nilikwenda kununua spika, nikarudi na zangu zilezile

Kama sauti ya kompyuta yako ya mezani inakusumbua, usinunue spika mpya kabla hujamwona fundi mmoja wa ghorofani pale Luthuli Avenue, Nairobi. Mimi nilipanda ngazi nimebeba vifaa vyangu, na pesa za spika mpya mkononi. Alizokuwa akiuza zimepangwa hadi darini, lakini aliniambia, "Dada, ngoja kwanza nione hizo zako."

Kazi yangu ni kusikiliza rekodi za mahojiano na kuzichapa neno kwa neno. Sauti ndiyo unga wangu. Tangu niweke skrini mpya, spika zilikuwa kimya. Fundi alibonyeza alama ya spika pembeni chini kwa kitufe cha kulia cha mausi, akafungua mipangilio ya sauti, akanionyesha. Waya wa HDMI, unaounganisha kompyuta na skrini, hubeba picha na sauti pamoja, na Windows ilikuwa imeamua kupeleka sauti kwenye skrini, ambayo haina hata spika. Akachagua spika zangu, tatizo likaisha.

Lakini hakuishia hapo, na ndiyo maana namsifu. Aliniuliza natumia mashine kwa kazi gani. Nikamweleza kwamba mteja akinipigia kupitia kompyuta, rekodi inayocheza hushuka mpaka ikawa mnong'ono. Kumbe Windows huja ikiwa imepangwa kupunguza sauti nyingine kwa asilimia 80 ikitambua kuna simu! Kwenye sehemu ya mawasiliano akaiamuru isipunguze chochote.

Kisha akaniuliza kila sikio langu linasikia vipi. Sijawahi kuulizwa hivyo na muuzaji yeyote wa vifaa vya sauti. Sikio langu la kulia ni dhaifu, na mahojiano mengi ninayopokea yana anayeuliza upande wa kushoto na anayejibu upande wa kulia. Nikivaa hedifoni, majibu ndiyo yanayonipotea. Akawasha mono, ambayo huchanganya pande zote mbili na kuzipeleka sawa katika kila sikio. Nilisikia maneno ya mzee mmoja ambayo nilikuwa nimeyaandika "haisikiki". Kwa mtu wa kazi yangu, hilo ni jambo kubwa sana.

Pini ya spika aliihamishia tundu la kijani la nyuma kwa sababu la mbele limelegea. Malipo yalikuwa shilingi 500 kwa M-Pesa.

Kasoro zipo. Hatoi risiti, na hakuniandikia alichobadilisha. Nilijiandikia mwenyewe, nawe beba kalamu. Mashine pia ni nzito kwa ngazi zile. Tena kusikiliza sauti ndogo pale ni taabu, maana kila duka la chini hufungulia muziki wake kwa nguvu zote. Nenda asubuhi mapema, na ubebe hedifoni unazotumia kazini pamoja na rekodi inayokusumbua, umchezee hiyohiyo.