Tahadhari: prodyuza anayelipa kwa "asilimia 5 ya faida"

Wasanii wenzangu, na nyie mnaoweka hela zenu kwenye filamu za kujitegemea, kuna prodyuza anazunguka na mkataba wa kurasa mbili. Simtaji, ila mkataba wake mtaujua: "msanii atapata asilimia 5 ya faida", basi. Faida baada ya kutoa nini? Kimya.

Mimi nilisaini. Nikashuti siku 19 bila hata nauli. Filamu ikauzwa, nikadai changu, nikaletewa karatasi moja: kamisheni ya msambazaji, matangazo, safari, "gharama za ofisi", riba ya mkopo ambao jamaa alijikopesha mwenyewe. Chini kabisa, sifuri.

Tusichanganye mambo, kusubiri foleni si wizi. Msambazaji hukata chake kwanza, kisha mwekezaji hurudishiwa mtaji, mara nyingi na nyongeza ya asilimia 20 hivi. Kinachobaki ndiyo faida, na kwa kawaida wawekezaji na watayarishaji hugawana nusu kwa nusu. Fungu la waigizaji mara nyingi hutoka kwenye nusu ya mtayarishaji. Kwa hiyo ile 5 yako, kama ni ya nusu hiyo, ni 2.5 tu ya faida yote. Hata Marekani, mwandishi Art Buchwald, aliyeahidiwa fungu la faida, aliishtaki studio ya Paramount kwa filamu ya 1988 iliyojaza kumbi, "Coming to America"; studio ikasema haina faida halisi. Mwaka 1990 jaji akaona vipengele vya mkataba ule ni vya kukandamiza.

Huyu wetu kazidi. Mwekezaji mmoja alinitafuta, tukatandaza mikataba mezani: wake, wangu, na ya wenzetu wanne. Akajumlisha kwenye simu, akafuta, akajumlisha tena. Asilimia 135! Na mpiga picha hatujamfikia. Ndipo nikaelewa kwa nini anahitaji ile sifuri: ikitokea faida ya kweli, ameumbuka.

Akikuletea karatasi, mwambie aandike faida ni nini, gharama zina kikomo gani, na mafungu yote yaliyokwisha kugawiwa. Dai haki ya kukagua vitabu vya hesabu. Mapato yaingie kwenye akaunti inayosimamiwa na mtu asiye upande wowote, si mfukoni mwake. Mimi alinijibu, "Dada, huniamini?" Nikaona aibu, nikasaini.

Sasa hivi anatafuta waigizaji wa filamu nyingine. Mkataba ni uleule, ila asilimia imepanda: anatoa 8.