Supu ya Sato na Seattle Mariners: Mgahawa wa Alfajiri Kirumba

Mashabiki wa besiboli tunaoishi Mwanza ni wachache kiasi kwamba hakuna mfanyabiashara aliyewahi kufikiria kutufungulia ukumbi, na kwa sababu hiyo anayetaka kuutazama mchezo huo pamoja na wenzake hana budi kutafuta mahali palipoanzishwa kwa shughuli nyingine kabisa na kuomba nafasi. Mgahawa ninaoutathmini hapa uko Kirumba, mwendo mfupi kwa miguu kutoka soko la samaki la Mwaloni, na wateja wake halisi ni wachuuzi wa dagaa, madalali na wapagazi wanaoanza kazi kabla jua halijachomoza. Hufunguliwa saa 10 alfajiri. Jina lake silitaji, kwa kuwa mwenyewe hakuniomba nimtangaze, lakini yeyote atakayeulizia Mwaloni mahali panapouzwa supu ya sato alfajiri chini ya televisheni kubwa hatapotea.

Saa hiyo ya kufungua ndiyo inayoupa mgahawa huu thamani kwa shabiki wa besiboli. Msimu wa ligi kuu ya Marekani huanza mwishoni mwa Machi, na kila moja ya timu 30 hucheza michezo 162 hadi Septemba inapokaribia kwisha, yaani karibu kila siku, na mingi ya michezo hiyo huchezwa jioni kwa saa za huko. Timu ya New York au Boston ikianza mchezo saa 1 usiku kwao, Mwanza ni saa 8 usiku, muda ambao mtu mwenye ajira hawezi kuukesha mara mbili katika wiki moja bila mwajiri wake kugundua. Seattle, nyumbani kwa timu ya Mariners na iliyoko upande wa bahari ya Pasifiki, iko nyuma yetu kwa saa 10 msimu mzima, hivyo mchezo unaoanza huko saa 12:40 jioni hutufikia saa 10:40 alfajiri. Aliyelala mapema huamka akiwa mzima, akaoga, akateremka Mwaloni na kukuta moto umewashwa. Kuna jambo jingine lililotusaidia: tangu 2023 mrushaji, yaani anayemtupia mpigaji mpira, huhesabiwa muda kabla ya kurusha, sekunde 15 pale ambapo hakuna mkimbiaji kwenye vituo, na wastani wa mchezo ulioelekea kuzidi saa 3 mwaka 2022 ukashuka hadi kama saa 2 na dakika 40. Mchezo wa kawaida wa Seattle sasa humalizika kabla ya ofisi nyingi za mjini kufunguliwa.

Wapo watakaosema kwamba timu haichaguliwi kwa kuangalia saa ya ukutani. Mimi sioni aibu. Baadhi ya wenzangu, hata hivyo, waliipenda Seattle kwa njia yenye heshima zaidi, kwa sababu mwalimu wa kujitolea kutoka Japani aliyewafundisha kudaka mpira shuleni hakuwa na jina jingine mdomoni ila la Ichiro Suzuki, ambaye alianza kuichezea timu hiyo mwaka 2001 na ambaye mwaka 2025 aliingizwa katika Ukumbi wa Mashuhuri wa besiboli akiwa mchezaji wa kwanza mzaliwa wa Japani kupata heshima hiyo.

Nianze na chakula, kwa kuwa mwenye mgahawa mwenyewe huanzia hapo. Supu huletwa katika bakuli la bati lenye maua, mchuzi mweupe mwepesi wenye kitunguu na tangawizi, nusu ya ndimu pembeni, na kipande cha sato kinachojaza kiganja. Kichwa huuzwa peke yake, na kinaisha kabla ya saa 12, kwa hiyo anayekipenda aagize anapoingia. Bakuli ni shilingi 3,000. Asiyetaka chapati anaweza kuomba matobolwa, yaani viazi vitamu vilivyokaushwa, ambayo hapa huchemshwa vizuri bila kulegea, na kwa maoni yangu ndiyo yanayostahili kuliwa na supu hii. Chapati za saa 10 alfajiri ni za jana. Mpya huanza kutoka kwenye kikaango jua likikaribia kuchomoza, na mhudumu hatakuambia tofauti usipouliza. Chai ya maziwa huja ikiwa imetiwa sukari tayari, nyingi, na ombi la kutokutiwa sukari hupokelewa kana kwamba mteja ana ugonjwa.

Lipo jambo moja kuhusu samaki na besiboli ambalo sikulitarajia. Anayetazama kandanda akiwa na sato mwenye miiba mbele yake hujiweka hatarini, kwa maana macho hayawezi kuacha skrini. Besiboli ina nafasi kati ya mpira mmoja na mwingine: mrushaji anapokea ishara ya mdakaji aliyechutama nyuma ya mpigaji, anatikisa kichwa, anakubali, anajiweka sawa. Zile sekunde 15 zinatosha kabisa kuutoa mwiba mmoja na kuulaza ukingoni mwa bakuli. Katika miaka ambayo hapakuwa na kikomo cha muda mtu angeweza kummaliza sato mzima kabla mpigaji hajarekebisha glovu zake.

Televisheni imetundikwa juu ya kaunta na inaonekana vizuri kutoka meza zote isipokuwa ile ya karibu na mlango, ambako mwanga wa asubuhi huifuta picha kabisa. King'amuzi cha mgahawa hakituletei besiboli, kwa hiyo mmoja wetu hulipia huduma ya kutazama mtandaoni na kurusha picha kutoka kwenye simu yake, na sisi wengine tunamchangia bando. Umbali umetupa upendeleo hapo. Kwa miaka mingi mkazi wa Marekani aliyelipia huduma ya namna hiyo amefungiwa michezo ya timu ya eneo lake mwenyewe kwa sababu ya haki za matangazo, ilhali sisi wa Kirumba tunaiona Seattle bila kizuizi chochote ila uwezo wa mfuko. Mgahawa hauna intaneti yake, na hiyo ni kasoro ya kweli, maana bando likikata katika raundi ya nane kati ya tisa za mchezo hakuna wa kumlalamikia. Wakati huo tunahamia kwenye matangazo ya redio ya mtandaoni, ambayo hula data kidogo sana, na ambayo kwa mchezo huu wenye vituo vinne na wachezaji wasiokimbia hovyo humwezesha msikilizaji kuona kila kitu kichwani.

Kasoro kubwa zaidi si ya mtambo. Ikifika saa 12:30 asubuhi wachuuzi hutaka kusikia magazeti yakisomwa, na ombi lao hushinda, kama inavyopasa, kwa kuwa wao ni wengi na wanakula zaidi. Rimoti huchukuliwa bila majadiliano. Mchezo ulioanza saa 10:40 kwa kawaida huwa umefika raundi ya saba, pale ambapo mrushaji wa kwanza amechoka na kocha anaanza kuita wa akiba, na ndipo sisi tunapojikunja kuizunguka simu moja yenye spika hafifu huku msomaji wa magazeti akitangaza kwa sauti juu ya vichwa vyetu. Shabiki wa besiboli wa Kirumba huijua raundi ya sita kwa macho na ya tisa kwa masikio.

Kwa Machi hadi Septemba haya yote yanavumilika, kwa sababu timu inayocheza michezo 162 kwa kawaida hushindwa zaidi ya mara 60 hata ikiwa nzuri, na aliyekosa mwisho wa mchezo wa leo atapata mwanzo wa mchezo wa kesho. Oktoba, mwezi wa mtoano, ni habari nyingine. Seattle ilishinda michezo 116 mwaka 2001, ikaifikia rekodi ya ligi ya ushindi mwingi katika msimu mmoja, kisha ikatolewa kabla ya kufika fainali. Baada ya hapo haikuingia tena katika hatua ya mtoano hadi 2022. Kwa mtu wa Mwanza aliyeisubiri Pamba zaidi ya miaka 20 irudi Ligi Kuu, kungoja kwa namna hiyo hakuhitaji maelezo. Ndipo ukaja mwaka 2025, ambapo mdakaji wao Cal Raleigh aliupeleka mpira nje ya uwanja mara 60 katika msimu wa kawaida, idadi ambayo hakuna mdakaji mwingine aliyewahi kuikaribia.

Katika mtoano wa mwaka huo, mchezo wa tano na wa mwisho dhidi ya Detroit ulianza saa 9 na dakika chache usiku wa kuamkia Jumamosi, tarehe 11 Oktoba, mgahawa ukiwa bado umefungwa, na kila mmoja aliutazama mwanzo wake nyumbani. Tulipokutana mezani matokeo yalikuwa yanabana, na raundi tisa zikaisha timu zikiwa sare ya 2 kwa 2, na ya kumi ikapita, na ya kumi na moja. Magazeti yakadaiwa kama kawaida. Mzee mmoja dalali, ambaye kwa muda mrefu alikuwa akitutazama kwa huruma, akauliza, "Vijana, huyu aliyeshika rungu anasubiri nini muda wote huo?"

"Anasubiri mipira mibaya ipite, mzee, ikifika minne apewe kituo bure."

"Basi mwacheni asubiri. Magazeti hayaozi."

Kauli ya dalali katika mgahawa ule ina uzito, na chaneli haikubadilishwa. Mchezo ulikwenda raundi 15, karibu saa 5 nzima, hadi Jorge Polanco alipopiga mpira ulioingiza pointi ya tatu, na wakati huo wapagazi waliokuwa wameshapokea mizigo walisimama mlangoni na magunia begani. Mfanyabiashara wa dagaa kutoka upande wa Uganda alituambia kwamba kwao mchezo huu si mgeni, na alisema kweli: mwaka 2012 watoto wa Lugazi walikuwa timu ya kwanza ya Afrika kucheza michuano ya dunia ya Little League huko Williamsport, Pennsylvania, na waliondoka na ushindi mmoja.

Kwa mchezo wa saba na wa mwisho dhidi ya Toronto katika hatua iliyofuata, alfajiri ya Jumanne tarehe 21 Oktoba, tulimwomba mama mwenye mgahawa afungue saa 9 usiku, na ninapaswa kusema alitutendea haki. Masharti yake yalikuwa mawili, tulipie mkaa wa saa ile ya ziada na nauli ya bodaboda ya mpishi, na hakutoza zaidi. Supu, hata hivyo, haikuwa tayari hadi karibu saa 11, na tuliziangalia raundi za mwanzo kwa chai na mihogo ya jana. Julio Rodríguez na Raleigh waliupeleka mpira nje ya uwanja kila mmoja, Seattle ikaongoza 3 kwa 1, na katika raundi ya saba walibaki wapigaji wanane tu wa Toronto wa kutolewa ili timu iingie World Series, fainali ya ligi, kwa mara ya kwanza tangu kuanzishwa. Wawili wa Toronto walikuwa wamekaa kwenye vituo. George Springer akaupiga mpira ukaenda kwenye viti vya mashabiki upande wa kushoto, pointi tatu kwa pigo moja, na matokeo yakawa 4 kwa 3 hadi mwisho. Seattle imebaki timu pekee kati ya zile 30 ambayo haijawahi kucheza fainali hiyo.

Katika dakika hiyohiyo mhudumu alianza kukusanya bakuli na kutuletea bili, akaweka na vijiti vya meno. Simlaumu kwa kutoelewa, lakini tathmini ya mahali pa kutazamia mchezo lazima iseme jinsi mahali hapo panavyomchukulia mteja aliyefiwa, na hapa hakuna utaratibu wowote: viti vya plastiki huvutwa, meza hufutwa, na sauti ya msomaji wa magazeti hupanda. Kwa shabiki anayetaka kukaa kimya robo saa baada ya msiba, ninapendekeza akae meza ya nje inayoelekea ziwani, ambako hakuna anayehitaji kiti chake hadi saa 2.

Mgahawa huu unamfaa shabiki wa Seattle, San Francisco, San Diego au Los Angeles, ambaye michezo ya nyumbani ya timu yake huangukia muda wa kufungua, na ambaye yuko radhi kula samaki asubuhi. Shabiki wa timu za mashariki asijisumbue, kwani atakuta mlango una kufuli. Mtu anayetaka kuja na watoto aje Jumapili, ambapo wachuuzi hupungua na mchezo wa Jumamosi jioni huoneshwa hadi mwisho. Lugha chafu haipo, uvutaji wa sigara hufanyika nje, na choo ni safi kuliko inavyotarajiwa mahali penye msongamano kama ule. Wanaokuja na gari wajue kwamba malori ya samaki huziba njia kuanzia saa 11, na atakayeegesha ndani ya kona hatatoka kabla yao.

Tumeshapeleka maombi mawili kwa ajili ya msimu ujao. La intaneti limekubaliwa kwa sharti kwamba tuchangie nusu ya gharama ya mwezi. Kuhusu televisheni ndogo ya pili, ambayo ingetuokoa na magazeti, jibu la mama ni kwamba itanunuliwa siku mashabiki wa besiboli watakapoacha kuagiza chai moja kwa watu wawili.