Kiyoyozi cha Nyumba Nzima Uganda: Kipi Ununue, Kipi Ukiache

Kampala iko karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari. Usiku joto hushuka hadi nyuzi 17 au 18, na mchana wa kawaida hauzidi sana nyuzi 29. Mtu wa Mombasa akinunua kiyoyozi ananunua usingizi. Mtu wa Kira au Muyenga, huku Kampala na kando yake, mara nyingi ananunua dawa ya bati: nyumba imeezekwa mabati, dari ni jipsamu tupu, na kuanzia saa nane mchana joto linamiminika ndani hadi saa tatu usiku.

Kwa hiyo anza darini. Tandika sufi ya glasi yenye unene wa milimita 50 hadi 75 juu ya jipsamu, kisha hakikisha hewa inapita kati ya dari na bati, iingie kwenye ukingo wa paa na kutokea kwenye kofia ya juu ya paa. Kazi hiyo peke yake huweza kukushusha daraja moja la mashine, na wengine hugundua kwamba sebule haihitaji kiyoyozi tena. Ukiwa Gulu, Kitgum au Arua, Januari na Februari zitakulazimisha kununua hata hivyo. Ukiwa Pakwach au Elegu, bondeni kwa Nile ambako ni mita 600 na kitu tu, joto halikuachi hata usiku, na hesabu ya Kampala isikudanganye.

Ukubwa kwanza, jina la kampuni baadaye

Uwezo wa kiyoyozi hupimwa kwa BTU kwa saa. "Tani moja" ni BTU 12,000, sawa na kilowati 3.5 za ubaridi. Ubaridi, si umeme. Umeme unaoliwa ni kama theluthi au robo ya hapo.

Chumba chenye dari iliyotandikwa sufi na dirisha lenye kivuli, hesabu BTU 400 hadi 450 kwa kila mita ya mraba. Chini ya bati tupu, au dirisha kubwa likitazama magharibi, hesabu 600. Ongeza 500 kwa kila mtu baada ya wawili wa kwanza. Chumba cha mita 3.6 kwa 4 ni mita za mraba 14.4: kikiwa na sufi kinahitaji BTU 6,000 na kitu, kikiwa na bati tupu kama 8,600. Pande zote mbili jibu ni mashine ya 9,000. Muuzaji atakuambia "chukua 18,000, itapoza haraka." Itapoza haraka, kweli, kisha itajizima, itawaka, itajizima. Unyevu hutolewa mashine ikiendelea kuzunguka, si ikigusa na kuacha, ndiyo maana kwenye chumba chenye mashine kubwa kupita kiasi shuka huwa baridi na chepechepe.

Mwinuko nao una sehemu yake. Hewa ya Kampala ni nyepesi kuliko ya pwani kwa asilimia 12 hivi, kwa hiyo kila mita ya ujazo inayopitishwa na feni hubeba ubaridi mchache. Punguza asilimia 3 hadi 5 kwenye uwezo ulioandikwa kwenye kibandiko. Kwa chumba kimoja hilo ni dogo. Kwa mfumo wa dakti (mifereji ya kusafirisha hewa) huamua kama chumba cha mwisho kitapoa.

Nafasi ya 1: spliti za inverta, moja kwa kila chumba unachokitumia

Kwa nyumba ya kawaida ya vyumba vitatu na sebule, hii ndiyo tunayoiweka juu, yaani mashine zenye sehemu mbili, moja ndani na moja nje, hata kama ulikuja hapa ukitafuta mfumo wa kati. Vyumba viwili vya kulala kwa 9,000, sebule kwa 18,000, basi. Moja ikiharibika, nyingine zinafanya kazi. Fundi wa kuirekebisha yupo Mbarara, yupo Lira, yupo Mbale.

Neno "inverta" huwachanganya wengi kwa sababu ya ile ya sola. Hapa lina maana kwamba kompresa, ile pampu inayosukuma gesi, hubadili kasi badala ya kuwaka na kuzima. Kompresa ya kizamani ikiwaka huvuta mkondo mara tano au sita ya ule wa kawaida. Ndiyo hiyo inayofanya taa zipepese na jenereta ikorome. Ya inverta huanza taratibu. Mashine ya 12,000 huvuta kama kilowati 1 ikiwa kwenye kasi kamili, na chini ya nusu ya hapo chumba kikishapoa. Ukichukua wastani wa wati 600 kwa saa nane za usiku, ni uniti 4.8. Uniti ikiwa shilingi 750, ni 3,600 kwa usiku, yaani karibu 108,000 kwa mwezi kwa chumba kimoja. Piga hesabu hiyo na bei iliyo kwenye Yaka yako (mita ya kulipia kabla) kabla hujaamua vyumba vingapi.

Nafasi ya 2: spliti ya dakti, mashine moja juu ya dari

Hiki ndicho kiyoyozi cha kati halisi: mashine ya ndani inafichwa darini, hewa inasafiri kwenye dakti hadi kila chumba. Kinapendeza, hakina kelele ukutani, na kinafaa nyumba inayojengwa sasa, kabla ya dari kufungwa. Kwenye nyumba iliyokwisha, achana nacho isipokuwa una nafasi ya angalau sentimita 45 juu ya dari na mlango wa kupanda kuifikia mashine.

Panapoharibika ni pale ambapo mwenye nyumba haoni. Kosa la kwanza ni hewa ya kurudi. Mashine ya tani 4 inahitaji kusukuma takriban lita 750 za hewa kwa sekunde, na hewa hiyo lazima irudi. Mafundi huweka tundu moja la kurudishia sebuleni. Usiku mlango wa chumba unafungwa, hewa inaingia na haina pa kutokea, chumba kinabaki na joto huku sebule tupu ikiganda. Acha pengo la sentimita 2 chini ya kila mlango na weka griili juu ya mlango, au peleka dakti ya kurudishia katika kila chumba cha kulala. Kosa la pili ni dakti inayokunjika iliyoachwa ijipinde kama utumbo: inyooshwe kabisa, itegemezwe kila mita 1.2, viungo vibandikwe kwa tepu ya alumini, si ile ya plastiki. Na chini ya bati, ambako mchana joto hupita nyuzi 50, sufi ya dakti iwe milimita 50. Ya 25 itakupotezea ubaridi njiani.

Uliza pia nguvu ya feni. Mashine nyingi za bei nafuu zimetengenezwa kwa paskali 30 hadi 50, yaani dakti fupi ya chumba kimoja. Kwa nyumba nzima tafuta inayofika 100 na zaidi.

Nafasi ya 3: VRF ndogo

Mashine moja nje, nne hadi nane ndani, kila chumba na rimoti yake. Kwa jumba la ghorofa la vyumba sita Kololo au Munyonyo ina maana. Tatizo ni kwamba mabomba yote ni mzunguko mmoja wa gesi: kiungo kimoja kikivuja chumba cha watoto, nyumba nzima inakosa ubaridi. Nje ya Kampala ni mafundi wachache wenye vifaa vya kusoma hitilafu zake. Usinunue bila mkataba wa matengenezo ulioandikwa.

Nafasi ya 4: multi-spliti

Hii nayo ni mashine moja nje yenye chache ndani: ina udhaifu wa VRF, lakini si faida zake zote. Inastahili pale tu nafasi ya nje ni finyu, kama balkoni ya apatimenti.

Mashine za paketi za juu ya paa, zenye kila kitu ndani ya sanduku moja, waachie makanisa na supamaketi. Na zile "central air" zinazoletwa kwenye kontena kutoka Marekani, hata ukipewa bure zikatae: zimetengenezwa kwa hezi 60, sisi tuna 50. Mota ya kasi moja itazunguka kwa sehemu tano tu kati ya sita za kasi yake, ipate moto, ife.

Kusoma kibandiko

Gesi iwe R32 au R410A. R22 usiiguse, hata kama ni mtumba wa hoteli na umeambiwa ni "mzima": chini ya Itifaki ya Montreal ya kulinda tabaka la ozoni, nchi kama yetu zinapaswa kuwa karibu zimeachana nayo kufikia 2030, na gesi hiyo itazidi kuwa adimu. Kati ya mbili zilizobaki, tunapendelea R32. Ni gesi moja isiyo mchanganyiko, kwa hiyo kuijazia ni rahisi zaidi, na madhara yake kwa hali ya hewa ni chini ya theluthi ya R410A. Inaweza kuwaka moto kidogo, kwa hiyo hakuna kuvuta sigara wakati wa kazi.

Umeme uandikwe 220–240 V, 50 Hz. Mashine za BTU 48,000 kwenda juu nyingi zinataka fezi tatu. Kama laini yako ni ya fezi moja, nenda UEDCL, wasambazaji wa umeme, kwanza, dukani baadaye. Mabomba ya koili yawe shaba. Alama "T3" inamaanisha mashine ya nchi za jangwa; Kampala haihitajiki, T1 ya hali ya hewa ya wastani inatosha, isipokuwa mashine ya nje iwe imebanwa chini ya bati la veranda, na hapo dawa ni kuihamisha.

Siku ya kufunga

Simama hapo. Gharama ya fundi ni sehemu ndogo ya bei, lakini ndiyo inayoamua kama mashine itaishi miaka 2 au 12.

Tundu la ukutani litobolewe kwa milimita 65 hivi, likiinama kuelekea nje. Bomba la maji lishuke angalau sentimita 1 kwa kila mita, lisiinuke popote, na fundi amwage lita moja ya maji kwenye trei mbele yako kabla ya kufunga kifuniko. Kwenye mashine ya dakti, weka mtego wa maji kwenye bomba na trei ya pili yenye swichi ya kuelea. Bila hivyo, siku moja jipsamu itakuangukia.

Bomba la shaba likatwe kwa kikata bomba, lisikatwe kwa msumeno, kwa sababu unga wa shaba huingia kwenye kompresa. Nati ya robo inchi ikazwe kwa spana ya nguvu hadi Nm 14–18, ya 3/8 hadi 34–42. Fundi anayekaza "kwa mkono uliozoea" hupasua mdomo wa bomba, na gesi huvuja polepole kwa miezi sita, lawama ikaenda kwa kampuni.

Kisha jaribio la mgandamizo kwa naitrojeni, lisizidi kiwango kilichoandikwa kwenye mashine, sindano isiteremke kwa saa moja. Oksijeni ya welding kamwe: ikikutana na mafuta ya kompresa hulipuka.

Halafu pampu ya vakyumu, inayofyonza hewa na unyevu wote kutoka kwenye mabomba. Hapa ndipo wengi hudanganywa. Fundi hufungua gesi kidogo, "fsss", anasema ametoa hewa. Hajatoa. Unyevu uliobaki huchanganyika na mafuta, hugeuka asidi, na kompresa hufa mwaka wa pili. Dai pampu, dakika 30 na zaidi, na kipimo cha mikroni kikifika 500 au chini. Mtu akikwambia sindano ya geji lazima ifike −30, jua hajafanya kazi hapa: kwa mwinuko wa Kampala vakyumu kamili husoma kama inchi −26, au −0.88 kwa bar. Pampu si mbovu. Ni hewa yetu iliyo nyepesi.

Gesi iliyomo hutosha bomba la mita 5 kwa mashine nyingi, nyingine 7.5. Kinachozidi huongezwa kwa mizani, gramu 15 hadi 20 kwa mita kwa bomba la robo inchi; soma kitabu cha mashine. Kuongeza kwa kukisia kwa mkono uliogusa bomba si kupima.

Umeme, radi na mijusi

Kila mashine iwe na waya wake kutoka ubao mkuu: milimita za mraba 2.5 na braka ya ampea 16 au 20 kwa 9,000–12,000, milimita za mraba 4 na braka ya 25 au 32 kwa 24,000. Usiichomeke kwenye soketi ya pasi. Umeme ukikatika na kurudi ghafla, kifaa cha kuchelewesha kwa dakika 3 huipa kompresa nafasi ya kutulia, na hukata volti zikishuka au kupanda mno. Ukanda wa Ziwa Victoria ni kati ya sehemu zenye radi nyingi duniani, kwa hiyo ongeza kizuia mshtuko wa radi kwenye ubao, na waya wa athi uende kwenye fimbo iliyofukiwa ardhini, si kwenye bomba la maji.

Bodi ya kielektroniki ya mashine ya nje ndiyo kipuri ghali kuliko vyote ukiacha kompresa, na adui yake mara nyingi ni mjusi. Huingia kutafuta joto, hukanyaga njia mbili za umeme, anakufa yeye na bodi. Ziba matundu ya waya kwa silikoni siku ya kwanza.

Filta ya ndani ioshwe kila wiki mbili kama unaishi kando ya barabara ya murramu, kila mwezi kama ni lami. Entebbe na Ggaba, wadudu wadogo wa ziwani wakitoka kama moshi, hujaa kwenye koili ya nje hadi isipumue: zima umeme, mwagia maji ya bomba kutoka ndani kwenda nje, bila mashine ya kuoshea magari, maana hulaza mapezi ya alumini kama nyasi zilizokanyagwa na ng'ombe.