Dramu za kanisani Nyanda za Juu Kusini: uanze na mbao ipi, uache ipi

Kuanzia Tunduma hadi Iringa mjini, seti nyingi za dramu zinaishia kwenye jengo la aina moja: paa la bati lisilo na dari, kuta za plasta, sakafu ya saruji au vigae. Simama katikati ya jengo hilo likiwa tupu, piga kofi moja, usikilize sauti inavyozunguka kabla haijafa. Dramu inayovuma muda mrefu ikiongezwa juu ya mwangwi huo inameza maneno ya kwaya, hata kama imenunuliwa ghali. Mpangilio ulioko hapa chini umefuata jengo hilo. Anayepigia uwanjani au studio atakuwa na mpangilio wake.

Tujue kwanza mbao inafanya kazi gani. Anayetoa sauti ni ngozi, yaani ule utando wa plastiki unaopigwa. Mzinga, yaani lile bomba la mbao, unaishikilia ngozi na kuamua sauti ipi idumu na ipi ife mapema. Mbao ngumu inairudisha sauti, mlio unatoka mkali. Mbao laini inazinywa sauti za juu. Unene nao una neno lake. Mzinga wa milimita 5 unatetemeka pamoja na ngozi, mlio unakuwa mzito na mpana. Wa milimita 8 au 9 hautikisiki kirahisi, kwa hiyo mlio unapanda na kusukumwa mbele. Ndiyo maana seti mbili za mbao moja zenye unene tofauti zinaweza kupishana kuliko seti mbili za mbao tofauti. Muuzaji anayetaja jina la mti tu bila kutaja unene amekupa nusu ya habari.

Majina ya kwenye boksi yako kwa Kiingereza, basi yashike hivi: Birch ni bechi, Maple ni mepo, Poplar ni popla, Mahogany ni mahogani.

Ya kwanza: bechi. Pigo lake linasikika wazi, besi ina kifua, sauti za katikati zimepungua kidogo, na mlio unakufa mapema. Hicho cha mwisho ndicho kinachotakiwa chini ya bati. Sauti za katikati ndizo sauti za waimbaji. Dramu ikiwaachia nafasi hiyo, fundi mitambo hana haja ya kupandisha maiki mpaka zipige kelele. Studio nyingi ziliipenda bechi kwa sababu hiyohiyo. Yamaha Stage Custom Birch ni mfano wa seti ya bechi tupu ambayo kanisa la kawaida linaweza kuichangia kwa awamu. Chukua dramu ya besi ya inchi 20 badala ya 22 kama jengo halizidi watu 200.

Ya pili: mepo. Hakuna mbao yenye uwiano mzuri kama hii: chini kuna joto, juu kuna ung'avu, na mlio unadumu. Kudumu huko ndiko kunakoishusha hapa. Kanisa lenye dari, mapazia mazito na mikisa (mashine ya kuchanganya sauti) nzuri liipandishe iwe ya kwanza. Kwa mikutano ya injili ya nje haina mshindani, maana hewani hakuna ukuta wa kurudisha sauti.

Ya tatu: popla. Ni mbao laini, nyepesi, ya bei nafuu. Yamaha Rydeen na Pearl Roadshow zimetengenezwa kwayo. Watu wanaidharau bure. Mlio wake uko karibu na mepo, ila makali ya juu yamepungua na nguvu haifiki mbali. Shida yake kubwa ni ukingo wa mzinga, pale ngozi inapolala: mbao laini inabonyea skrubu zikikazwa kwa nguvu upande mmoja. Kaza kwa kuvuka, skrubu hii kisha inayotazamana nayo, nusu mzunguko kila mara. Kikundi chenye bajeti ndogo kinunue popla, fedha inayobaki iende kwenye ngozi.

Ya nne: mahogani. Kwenye seti za bei ya kati jina hili kwa kawaida ni la miti ya Asia, si mkangazi wetu. Mlio wake ni mzito, wa chini, unavuma. Kwenye chumba kidogo chenye zulia unapendeza sana. Chini ya bati unakuwa ngurumo isiyo na pigo.

Boksi lililoandikwa mbao ngumu tu bila kutaja mti, liache hadi ufungue tomu moja, yaani dramu mojawapo ya ukubwa wa kati kwenye seti, na kuukagua mzinga.

Kukagua ni kazi ya dakika kumi, nayo ina thamani kuliko jina la mbao. Omba ufunguo wa dramu, toa ngozi ya tomu ya inchi 12. Angalia ukingo: utaona matabaka ya mbao, mara nyingi 6 hadi 9. Pitisha kidole mzunguko mzima. Kikikwama kwenye nundu au shimo, tomu hiyo haitashika toni. Kisha simamisha mzinga juu ya kioo au kigae kilichonyooka, uweke tochi ya simu ndani, ufunike juu kwa kitambaa. Mwanga ukipenya chini kwa unene wa karatasi, ukingo haujanyooka. Pima kipenyo mara mbili, kwa kuvuka. Tofauti ikizidi milimita 2, mzinga umekuwa yai na ngozi itakwama upande mmoja. Ukigonga mzinga kwa kifundo cha kidole ukasikia sehemu inayolia kavu kama boksi la karatasi, gundi imeachia baina ya matabaka. Hilo halina dawa ya bei ndogo.

Ngozi za kiwandani kwenye seti za bei nafuu ni nyembamba na zinachoka haraka. Kwa tomu weka za tabaka mbili, kila tabaka mil 7 (mil ni sehemu moja ya elfu ya inchi, si milimita), kama Remo Emperor au Evans G2, zinakata mvumo. Snea, ile dramu ndogo yenye nyuzi za chuma chini yake, iwekewe tabaka moja la mil 10 lenye rangi nyeupe ya kukwaruza. Popla yenye ngozi hizi inaishinda bechi yenye ngozi zilizokufa, na tofauti hiyo anaisikia hata aliyekaa benchi la nyuma.

Sasa snea ya mninga. Maseremala wa Mafinga na Mbeya wanaweza kuitengeneza, na kwa maoni yetu ndiyo pesa iliyotumika vizuri kuliko zote. Mninga haujikunji sana ukikauka, una uzito wa kutosha, na snea yake inapasua bila kuumiza sikio. Kwa inchi 14 fundi aunge vipande 20 vilivyosimama, kila kimoja upana wa milimita 58, kila ubavu ukatwe kwa nyuzi 9, kisha achonge duara kwa mashine hadi unene wa milimita 10. Ukavu ndio kila kitu: apime kipande kimoja kwenye mizani kila wiki, asianze kuunga mpaka uzito uache kushuka. Mbao iliyokatwa masika ikaungwa masika inafunguka maungio ifikapo Julai. Msindano wa Sao Hill ni laini mno kwa kazi hii, na mkaratusi unapasuka. Mwombe muuzaji wa mninga risiti na kibali cha usafirishaji.

Mzigo ukitoka Dar es Salaam kwa basi, ngozi zibaki zimefungwa kwenye mizinga ili kulinda ukingo, zilegezwe mzunguko mmoja, na mizinga isipangwe mmoja ndani ya mwingine bila blanketi katikati. Ikifika Njombe au Makete wakati wa baridi, iache siku mbili ndani ya jengo kabla ya kuikaza. Kuanzia Novemba hadi Aprili isikae kwenye sakafu tupu ya saruji wala chini ya nailoni. Ifunikwe kwa shuka la pamba, juu ya jukwaa la mbao, hatua moja mbali na ukuta unaopigwa na mvua.