PyCustom_Knob ya Nuke: wijeti zako mwenyewe ndani ya Properties

Nuke ya Foundry, programu ya kuunganisha picha za filamu (compositing), tayari ina nobu, yaani vidhibiti vya nodi, za slaida, rangi, menyu, maandishi na visanduku vya tiki. Kama hizo zinakutosha, usihangaike na nyingine. PyCustom_Knob, nobu inayobeba wijeti (kipande cha kiolesura) uliyoiandika mwenyewe kwa Python na kuionyesha kwenye paneli ya Properties, ina maana pale msanii anapohitaji kitu kisichokuwemo kabisa: picha ndogo za kuchagulia lenzi, au jedwali la shoti linalochujika.

Kuiweka ni kazi fupi. Tengeneza faili kipimo.py ndani ya folda ya .nuke. Andika klasi Kipimo inayorithi QWidget ya Qt (maktaba ya kujengea violesura), yenye makeUI() inayorudisha wijeti, na updateValue() ya kuisasisha. Kisha uiongeze kwenye nodi (hatua moja ya kazi ndani ya Nuke):

nodi.addKnob(nuke.PyCustom_Knob("kipimo", "", "__import__('kipimo').Kipimo(nuke.thisNode())"))

Angalia kipengele cha tatu ndani ya mabano ya PyCustom_Knob: ni maandishi, si klasi. Nuke huyahifadhi ndani ya faili la kazi la .nk na kuyatekeleza upya wijeti inapojengwa. Kwa hiyo mwenzako asiye na kipimo.py atafungua kazi yako na wijeti haitatokea. Studio iweke faili hilo kwenye folda ya pamoja iliyotajwa katika NUKE_PATH (kigeu cha mazingira kinachoionyesha Nuke folda za ziada), lisibaki kwenye mashine ya mtu mmoja.

Udhaifu wake mkubwa ni kwamba haihifadhi thamani yoyote. Ukifunga faili na kulifungua tena, slaida yako inarudi mwanzo. Dawa ni kuongeza Double_Knob au String_Knob ya kawaida, uifiche kwa setFlag(nuke.INVISIBLE), na wijeti iwe inaandika na kusoma humo tu. Hili si pambo. Mashine za kurenda hufanya kazi bila skrini, kwa hiyo wijeti haijengwi huko kabisa. Hesabu yoyote uliyoiacha ndani ya wijeti haitafanyika, na fremu zitatoka na thamani za zamani bila kosa lolote kuonyeshwa. Hesabu iwe kwenye ekspresheni (fomula) ya nobu. Wijeti ibaki uso tu.

Slaida nayo ina mambo yake. QSlider inakubali namba kamili pekee, hivyo kwa thamani ya 0 hadi 1 ipe masafa ya 0 hadi 1000, kisha gawanya kwa 1000.0. Ukiita setValue() kila slaida inaposogea, historia ya Undo inajaa, na msanii anabonyeza Ctrl+Z mara nyingi kufuta mvuto mmoja. Kwenye sliderPressed, hifadhi thamani ya zamani na uite nuke.Undo.disable(). Kwenye sliderReleased, rudisha ile ya zamani, ita nuke.Undo.enable(), ndipo uandike mpya. Inabaki hatua moja safi. Ndani ya updateValue() tumia blockSignals(True) kabla ya kusogeza slaida, la sivyo wijeti na nobu zinaweza kuitana mara kwa mara bila sababu.

Kosa utakalokutana nalo mapema ni RuntimeError, "Internal C++ object already deleted". Paneli imefungwa, Qt imeshafuta wijeti, lakini Python bado inaishikilia. Usiitunze wijeti kwenye kigeu cha jumla. Ijenge upya kila makeUI() inapoitwa.

Matoleo pia yanasumbua: Nuke 11 ilileta PySide2 (daraja la Python kwenda Qt), Nuke 13 ikaingia Python 3, na Nuke 16 inatumia PySide6. Anza faili na try ya PySide6, kisha except ImportError ya PySide2.

Kwa maoni yangu ni zana nzuri, ila nyaraka zake ni chache mno kwa uzito wa kazi. Kwa dirisha lisilohusu nodi moja, nukescripts.panels.registerWidgetAsPanel ni chaguo bora zaidi. Anayejifunza anaweza kuanza na Nuke Non-commercial ya bure, ila picha inayotoka haizidi 1920×1080 na Python humo imewekewa mipaka, kwa hiyo jaribu wijeti yako kwenye skripti ndogo.