Kadi ya sauti ya kurekodia nyumbani: ulizeni draiva kabla ya bei

Kisanduku cha kuunganisha maikrofoni na kompyuta, yaani kadi ya sauti, nilichokinunua katikati ya mji wa Lubumbashi kwa dola 95 kilikuwa na kila kitu ambacho mnunuzi mgeni hukitazama: matundu mawili ya maikrofoni, swichi ya volti 48, taa za rangi tatu, na kibandiko cha rangi ya dhahabu kilichotangaza 192 kHz. Jina la kampuni lililoandikwa juu yake sikuwahi kulisikia. «Mama, hiki hakihitaji kitu kingine, unachomeka tu», alisema muuzaji. Jioni hiyo shemeji yangu, ambaye huimba solo katika kwaya, aliketi mbele ya maikrofoni chumbani kwangu Katuba. Tukazima feni, tukawatoa watoto nje, na kila baada ya sekunde nane au tisa ukasikika mlio mdogo kama wa kijiti kinachovunjika. Aliimba ubeti huo huo mara sita, na mara zote sita kijiti kilivunjika.

Katika mwongozo huu sitazungumzia idadi ya matundu, uzuri wa vitufe wala 192 kHz, kwa sababu kadi zote nitakazozitaja zinatosha kwa sauti moja na gitaa moja. Nitazungumzia draiva, yaani programu inayoiunganisha kadi na kompyuta, ambayo haionekani dirishani mwa duka na haiandikwi kwenye kibandiko chochote. Wenye kompyuta za Mac wana nafuu, kwa kuwa Core Audio imo tayari ndani ya mfumo wao na kadi nyingi hufanya kazi bila kuongezewa kitu. Sisi wa Windows, ambao wengi wetu tunatumia laptopu zilizokwisha kutumiwa na wengine, tunahitaji draiva ya ASIO, utaratibu uliobuniwa na kampuni ya Steinberg ya Ujerumani mwaka 1997 ili sauti isipite katika njia ndefu ya kawaida ya Windows.

Ndani ya sanduku langu mlikuwa na sidii ndogo, na laptopu yangu haina mahali pa kuingiza sidii. Nilipoazima kifaa cha kuisomea, nilikuta humo ASIO4ALL na hakuna kingine. ASIO4ALL ni programu ya bure, imewasaidia watu wengi, na siisemi vibaya. Lakini si draiva ya kadi fulani, ni vazi la ASIO linalovishwa draiva ya kawaida ya Windows. Mtengenezaji anayekuuzia kadi kisha akakuelekeza huko ana maana kwamba draiva yake mwenyewe hakuiandika.

Mlio ule, hata hivyo, haukuwa ubaya mkubwa kuliko wote, kwa kuwa unasikika na kila mtu ataulalamikia. Ubaya ambao karibu hakuna anayeuzungumzia ni draiva inayodanganya. Unaporekodi sauti juu ya gitaa lililokwisha kurekodiwa, programu ya kurekodia huiuliza draiva sauti inachelewa kiasi gani kwenda na kurudi, kisha huivuta sauti mpya nyuma kwa kiasi hicho hicho ili ikae mahali pake. Jibu likiwa la uongo, sauti hukaa nyuma ya gitaa, na mwimbaji hulaumiwa kwamba hashiki mwendo. Nilimlaumu shemeji yangu kwa majuma mawili.

Kipimo chake ni rahisi na kinahitaji waya mmoja tu. Chomeka waya kutoka tundu la kutolea sauti la kadi hadi tundu lake la kuingizia, cheza mlio mfupi uliorekodiwa, urekodi unavyorudi, kisha kuza picha ya mawimbi mpaka uone nafasi iliyopo kati ya mlio wa kwanza na wa pili. Kwangu nafasi hiyo ilikuwa sampuli 612, yaani vipimo vidogo vidogo ambavyo kompyuta huigawia sauti, na kwa kuwa sekunde moja ina sampuli 44,100, hizo ni karibu milisekunde 14. Huenda zikaonekana chache, lakini piga gitaa kwa kidole gumba na cha shahada, kama alivyopiga Mwenda Jean Bosco, kisha urekodi gitaa la pili juu ya la kwanza: gitaa la pili litakaa milisekunde 14 nyuma, na mwimbaji atakayelifuata hilo la pili atajikuta milisekunde 28 nyuma ya la kwanza. Aliyekwisha kununua kadi ya namna hiyo asiitupe, kwani programu ya Reaper, kwa mfano, humruhusu mtu kuandika mwenyewe idadi ya sampuli za kurekebisha.

Sifichi upendeleo wangu: nafasi ya kwanza ni ya MOTU M2, ya kampuni ya Cambridge, Massachusetts, nchini Marekani. Kampuni inaiandikia draiva yake yenyewe, na kwenye laptopu yangu ile ile iliyokuwa ikivunja vijiti ninarekodi kwa bafa (fungu la sauti ambalo kompyuta hulishughulikia kwa mara moja) ya sampuli 128, ambayo ni milisekunde 2.9 kwa kila upande. Nilipoipima kwa waya, mlio uliorudi ulikaa juu ya mlio wa kwanza. Ina kioo kidogo cha kuonyesha nguvu ya sauti na swichi ya kuizima nyuma yake, mambo mawili ambayo sikuyatarajia na sasa siwezi kuyakosa.

Ya pili ni Steinberg UR22C. Waliobuni ASIO wangeona aibu kuandika draiva mbovu, na zaidi ya hayo kadi hii ina tundu la ziada la umeme wa volti 5, ili laptopu yenye USB dhaifu isaidiwe na chaja au betri ya akiba. Ya tatu ni Focusrite Scarlett 2i2, inayopatikana kwa urahisi kuliko zote mjini kwetu, na yenye draiva yake. Tahadhari yake ni kizazi: kile cha pili ni cha mwaka 2016, cha nne ni cha 2023, na wauzaji huviuza kwa bei moja. Tazama tundu la waya: vizazi viwili vya kwanza vina lile la USB la mraba, na kuanzia cha tatu ni USB-C. RME Babyface Pro FS inazipita zote kwa draiva, ila bei yake inalingana na ya pikipiki, kwa hiyo ninaiweka nje ya orodha.

Mwenye fedha kidogo achukue Behringer UMC202HD, yenye draiva ya kampuni, na si UMC22, inayofanana nayo kwa sura tu.

Kabla ya kulaumu kadi yoyote, pimeni laptopu kwa programu ya bure iitwayo LatencyMon, ambayo hutaja draiva inayokatiza sauti; mara nyingi ni ya Wi-Fi, na kuizima wakati wa kurekodi hutosha. Zimeni pia ile ruhusa ya Windows ya kuzilaza bandari za USB. Tena, hapa kwetu kuna ugonjwa ambao miongozo ya Ulaya haiutaji: SNEL inapokata umeme, laptopu huhamia kwenye betri, hupunguza kasi ili kubana matumizi, na milio huanza dakika ile ile. Nimemwona jirani akibadilisha kadi nzuri kwa sababu hiyo, ilhali alipaswa kubadilisha mpango wa nishati wa upande wa betri.

Kuhusu bei nina uchungu. M2, ambayo Marekani ilikuwa ikiuzwa karibu dola 200, niliombwa dola 340 kwa ajili yake, na nilipouliza ongezeko linatoka wapi niliambiwa Kasumbalesa, kana kwamba mpaka ni mtu anayejipangia mshahara. Ningelipa bila kinyongo kama wangeniruhusu kufungua sanduku, kuweka draiva niliyokwisha kuipakua nyumbani kwa megabaiti zangu, na kurekodi dakika tatu palepale kaunta. Maduka matatu yalikataa. La nne lilikubali, nami nikanunua huko. Kuhusu kile kisanduku cha kwanza, nilikirudisha siku ya tatu, na muuzaji alinionyesha maandishi yaliyochapwa chini ya risiti, kwamba kitu kilichouzwa hakirudishwi wala hakibadilishwi, kisha akaniuliza kwa upole kama nimejaribu kukichomeka kwenye tundu lingine.