Poco, "Pickin' Up the Pieces" (1969): uzoefu wangu

Ukitaja kantri-roki, watu hukimbilia bendi ya Eagles. Poco hutajwa kwa kupitia tu, kama bendi walikotokea wapiga besi wa Eagles, Randy Meisner na baadaye Timothy B. Schmit. Inaniuma, kwa sababu albamu hii yao ya kwanza ni miongoni mwa albamu ninazozipenda kuliko nyingi zilizouzwa mara mia zaidi yake. Kwenye chati ya Billboard iliishia nafasi ya 63.

Kilichonishika ni gitaa la stili la Rusty Young wa Poco. Ni lile gitaa linalolazwa mbele ya mpigaji, mkono ukitelezesha kipande cha chuma juu ya nyuzi huku miguu ikisukuma pedali na magoti yakisukuma wenzo kubadilisha sauti. Sisi tuliokua tukisikia Jim Reeves na Kenny Rogers redioni tunalijua likilia polepole nyuma ya mwimbaji. Hapa halilii kabisa! Kwenye "Grand Junction", ambao hauna maneno, linakimbia mbele na bendi nzima inalifukuza. Wimbo huo siwezi kuusikiliza mara moja nikaridhika.

Waanzilishi wa Poco, Richie Furay na Jim Messina, walitoka bendi ya Buffalo Springfield iliyovunjika mwaka 1968. Young naye walikuwa wanamfahamu, maana ndiye aliyepiga stili kwenye "Kind Woman", wimbo wa Furay katika albamu ya mwisho ya bendi hiyo. Furay ana sauti ya juu, safi, na anaimba kwa furaha asiyoifunika hata kidogo. Sikiliza "What a Day" na namna wenzake wanavyomwitikia. Nadhani furaha hiyo ndiyo iliyowaponza. Mwaka huohuo wa 1969 Flying Burrito Brothers, bendi nyingine ya kantri-roki, walitoa albamu yao ya kwanza iliyojaa majonzi, na wahakiki wameisifu miaka yote. Huzuni huhesabiwa kuwa ndiyo kina. Lakini kupangilia sauti zile zikapanda pamoja bila kugongana si kazi nyepesi, na Messina, aliyeisimamia studio, aliifanya vizuri.

Meisner aliondoka kabla albamu haijatoka. Nyimbo alizoongoza ziliimbwa upya, na kwenye mchoro wa jalada mahali pake akachorwa mbwa. Besi lake waliliacha libaki kwenye rekodi, na bila hilo "Short Changed" usingekuwa na nguvu uliyo nayo.

Dosari ninayoiona ni moja: sauti ya rekodi ni nyembamba, hasa kwenye spika ndogo. Tumia hedifoni nzuri. Na usichague nyimbo mojamoja. Anzia "Foreword", ambao haufiki hata dakika moja, uiache albamu iende hadi mwisho.

Ninaipa nyota nne na nusu kati ya tano.